Santuri na Kukinai kwa Masikio

Kabla santuri haijaingia majumbani mwa Unguja, mpenzi wa taarabu hakuwa na njia ya kuukinai wimbo aupendao, kwani wimbo haukuwa mali yake. Ulikuwa wa waimbaji na wa usiku ule wa harusi au wa mwaliko, na ulipokwisha alikuwa hana budi kusubiri, pengine miezi, hata ajaaliwe kuusikia tena. Na hata akiusikia, hakuusikia kama alivyousikia kwanza, maana waimbaji waliurefusha au kuufupisha kwa kadiri ya hadhara ilivyochangamka, na ubeti uliowagusa watu ulirudiwa kila alipoinuka mtu kutunza.

Ada nayo ilikuwa na hirizi yake dhidi ya kukinai. Katika mashindano ya ngoma za beni na lelemama, na baadaye katika vilabu vya taarabu, wimbo mpya ulitungwa na kufanyiwa mazoezi kwa siri, usije ukavuja kabla ya siku yake. Na ulipokwisha kuimbwa hadharani, wapinzani walitakiwa kuujibu kwa mwingine, hata ule wa kwanza ukastaafu ungali na heshima zake.

Mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenziwe, miongoni mwao Subeti bin Ambari, walisafiri hadi Bombay kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice, na sahani zao za santuri ziliporejea pwani zilipokewa kwa shangwe isiyo kifani. Wimbo uliozoea kujinyoosha usiku sasa ulibanwa katika upande wa sahani iliyozunguka mara 78 kwa dakika na kwisha katika dakika kama tatu. Na aliyekuwa na santuri, akishajaza ufunguo kwa mkono, aliweza kuurudia asubuhi, adhuhuri na usiku, pumzi zikivutwa pale pale na udi ukilia vile vile, hata mtoto wa jirani akajua mahali pa kila pumzi. (Jirani mwenyewe hakuulizwa.)

Yafaa kuitazama sahani yenyewe. Ilifinyangwa kwa lakiri ya Bara Hindi iliyochanganywa na unga wa mawe, na unga huo ulikusudiwa kuisaga ncha ya sindano ya chuma ili ikae sawa katika mfuo. Kwa hiyo sindano ilipasa kubadilishwa kila upande ulipokwisha. Lakini sindano zilinunuliwa kwa fedha, na mwenye kubana matumizi akiiacha moja ifanye kazi ya kumi, ile ncha iliyopotoka iliuparua mfuo, sauti ikakwaruza kama inayopita mchangani. Basi sahani iliyopendwa kuliko zote ndiyo iliyochakaa mbele ya zote, na utamu wa wimbo ulikwisha sikioni na katika lakiri kwa pamoja.

Wafanyabiashara hawakusikitika. Kampuni za Odeon na Columbia nazo zilikuja kutafuta sauti za pwani, kwani aliyeikinai sahani ya jana ndiye mnunuzi wa sahani ya leo. Na kwa rai yangu, kukinai huko kulikuwa mtaji mkubwa wa biashara ile kuliko mapenzi yenyewe. Bei ya karafuu ilipoporomoka katika mdororo wa miaka ya 1930, mifuko ilifungwa, na wengi wakabaki na sahani zile zile, wazipige au wanyamaze.

Hata hivyo, mwenye santuri alikuwa na uhuru mmoja: akichoka, aliinyanyua sindano. Siti alifariki mwaka 1950, na mwaka uliofuata redio ya Sauti ya Unguja ikaanza matangazo yake. Tangu hapo asiye na santuri wala sahani naye alifikiwa na wimbo uliorudiwa, ila aliyeamua urudiwe lini na mara ngapi hakuwa tena mwenye nyumba.