Samaki mkunje angali mbichi: historia ya mguu kifundo

Haya wadau, leo sina habari za bweni, foleni ya chakula wala matokeo ya testi. Leo naandika historia, tena historia ya nyayo. Najua wenzangu wa kozi mtasema hii ni mada ya watu wa udaktari. Ngojeni kidogo, mtaona kama si yetu.

Sababu ni hii. Mwezi uliopita dada yangu kajifungua mtoto wa kiume, huku Ng'ambo. Mzima, analia vizuri, ila nyayo zote mbili zimegeukia ndani, zinatazamana. Nyumba ikaanza mikutano. Mmoja kasema ni jicho. Mwengine kasema mama alimcheka kilema wakati ana mimba. Shangazi kasema akandwe mafuta ya nazi tu, yatanyooka. Na karibu wote wakakubaliana jambo moja: mtoto hatoki ndani mpaka arubaini ipite. Shemeji akasikiliza, akanyamaza, na siku ya kumi na mbili akawachukua mama na mtoto wakaenda hospitali. Leo mtoto yuko kwenye hogo la tatu. Mimi nikaingia kusoma, nijue kwa nini daktari alifurahi sana kuwaona mapema.

Hali hii hospitali wanaiita mguu kifundo. Kwa wastani humpata mtoto mmoja hivi katika kila 1,000 wanaozaliwa, wa kiume mara mbili zaidi ya wa kike, na karibu nusu yao ni miguu yote miwili. Sababu yake hasa mara nyingi haijulikani, ingawa urithi una mchango. Kicheko hakimo. Wazee wetu walikuwa na neno "kiguru" kwa mtu mwenye mguu mbovu, na neno kwetu sisi wanahistoria ni ushahidi: watu hawa walikuwapo mitaani siku zote, wakitembelea ubavu wa mguu, hata kama hakuna aliyeandika habari zao.

Sasa sikilizeni. Miaka kama 2,400 iliyopita, huko Ugiriki, maandishi ya Hippocrates yalishaeleza kwamba mguu huu unatibika: uukande polepole kuelekea mahali pake, uufunge bendeji, uanze mapema iwezekanavyo. Yaani samaki mkunje angali mbichi, kwa Kigiriki! Shangazi hakuwa mbali sana basi. Tatizo ni kwamba kukanda peke yake hakushiki. Ukiuachia mguu, unarudi ulikokuwa.

Karne ya 20 madaktari wakapotea njia mara mbili. Kwanza Marekani alikuwapo Joseph Hiram Kite, aliyetumia plasta badala ya upasuaji. Nia njema, lakini alikuwa akikandamiza mahali ambapo panazuia mifupa isizunguke, kwa hiyo watoto walikaa na plasta miezi na miezi. Wengine wakachoka, wakashika visu. Wakafungua mguu, wakakata na kushona. Mguu ulionekana mzuri kwa macho, ila mtoto akishakuwa mtu mzima unakuwa mgumu na unauma.

Aliyegundua hilo ni Ignacio Ponseti, mzaliwa wa kisiwa kama sisi, Menorca, Uhispania, mwaka 1914. Alikuwa daktari upande wa Jamhuri katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakashindwa, akakimbilia Ufaransa, kisha Mexico, na mwaka 1941 akafika Iowa, Marekani. Akawatazama waliopasuliwa zamani, hakupenda alichokiona. Akajifunza mifupa ya mtoto mchanga: bado laini, na kano zake zinavutika. Akaunda njia yake: mguu unakandwa taratibu, unafungwa plasta, baada ya wiki inafunguliwa, unasogezwa tena kidogo. Mara tano mpaka saba. Wengi huhitaji pia kukatwa kidogo kano ya kisigino kwa sindano ya ganzi, na kano huota tena. Halafu viatu vilivyounganishwa kwa fito, saa 23 kwa siku miezi mitatu, kisha usiku tu mpaka miaka minne hivi.

Alichapisha matokeo mwaka 1963. Wenzake wengi hawakujali. Kilichobadilisha mambo ni kitabu chake cha 1996, na wazazi walioanza kupashana habari kwenye intaneti. Alifariki 2009, akiwa na miaka 95, dunia imeshamfuata.

Na Afrika Mashariki je? Hapa ndipo nilipokaa kitako. Viatu vile vilikuwa ghali. Jawabu lilitoka Uganda: Michiel Steenbeek, fundi wa Kiholanzi, alibuni viatu vinavyoweza kutengenezwa na fundi viatu wa kawaida kwa ngozi na chuma kinachopatikana sokoni. Na Malawi, utafiti uliochapishwa 2005 ulionyesha kwamba si lazima awe daktari bingwa. Maofisa tabibu wa mifupa waliofundishwa wanaifanya kazi hii vizuri. Bara letu halikupokea tu, liliongeza kitu.

Tahadhari moja: si kila mguu uliopinda ni kifundo. Zipo kasoro adimu zaidi, kama mtoto kuzaliwa bila mfupa mkubwa wa ujiti wa mguu, ambapo wayo nao hugeukia ndani vilevile lakini tiba yake ni nyengine kabisa. Jicho la bibi haliwezi kutofautisha. Linahitajika jicho la mtaalamu.

Sasa turudi kwenye arubaini. Siipigi vita. Inampumzisha mzazi, na Unguja hii wapi utapata tena watu wa kukupikia uji siku zote hizo? Lakini kumfungia ndani ni mila, na dini haimkatazi mama kumpeleka mwanawe kwa daktari. Wiki hizo ndizo mguu ni laini kuliko wakati wowote. Mtoto mkubwa pia hutibika, kwa hiyo aliyechelewa asikate tamaa, ila kazi huwa kubwa zaidi.

Kwa hiyo wadau, mkirudi majumbani, Makunduchi, Nungwi, popote, mkisikia "mtoto wa fulani miguu imepinda, wanasubiri arubaini", msinyamaze. Semeni Mnazi Mmoja ipo, ng'ambo ya bahari CCBRT ipo Dar. Na wakishaanza, wambieni viatu vya usiku wasiviache, kwa kuwa ndipo wengi wanaposhindwa: mguu umenyooka, mtoto analia usiku, mama anamhurumia, anavivua, na mguu unarudi. Huruma ya pale ni kuvivisha.