Nahodha wa Faza Alithibitishwa na Nani?

Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha wa Faza, huko Lamu, na hakuwahi kushika cheti cha ubaharia. Mimi napima hatari za mikopo katika benki moja Mombasa, na bila cheti nisingeajiriwa. Kazi yetu ni moja: kutazama mbele, kukisia litakaloharibika, na kuamua kama safari iende.

Zama za majahazi ya boriti, kabla serikali haijapiga marufuku kuuza boriti za mikoko nchi za nje mwaka 1982, kijana alianza kwa kupika chomboni na kufua maji ya ngama. Akapanda kuwa baharia, kisha akaaminiwa usukani. Katika mkondo wa Mkanda, njia ya kwendea Lamu, maji yakitoka chombo hukwama. Humo alijifunza kupiga bildi kupima kina na kujua saa ya kungoja. Akajua pia kaskazi ya kushukia kusini, kusi ya kurudia, na miezi ambayo bahari hufungwa.

Mtihani haukuwa na siku yake. Tajiri, yaani mwenye chombo, hakumkabidhi mtu jahazi mpaka awasikie wazee waliosafiri naye. Nao walitazama zaidi kama anaweza kukataa kutweka tanga. Babu alikuwa akituambia kwamba asiyethubutu kumwambia tajiri "leo hatwendi" hajawa nahodha, hata ajue nyota zote.

Karatasi zilifuata. Mkataba wa kimataifa wa vyeti vya mabaharia ulitiwa saini mwaka 1978. Kenya iliunda Mamlaka ya Bahari mwaka 2004, na leo hata mwendesha boti ya abiria hutakiwa leseni. Upande wa fedha, taasisi ya usimamizi wa hatari, IRM, ilianzishwa London mwaka 1986, na chama cha wataalamu wa hatari, GARP, kikaanza mtihani wa cheti chake cha FRM mwaka 1997; leo una sehemu mbili, na juu yake miaka miwili ya kazi.

Sharti hilo la miaka naliheshimu, kwa kuwa vitabu peke yake havimkomazi mtu. Ila halitoshi. Anayeombewa cheo cha kusimamia hatari, waulizwe waliofanya naye kazi: ni mkopo gani aliukataa wakubwa wake wakiutaka, na aliposhinikizwa alisimama wapi? Wazee wa Faza wasingempa mtu chombo bila jibu hilo, nasi tusimpe akiba za watu.