Ajali Yenye Kinga

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Neno hili limewafariji wengi waliofikwa na mambo yasiyozuilika. Lakini faraja ikitumiwa mahali pasipo pake hugeuka kuwa udhuru. Katika historia ya uganga wa kisasa ipo ajali moja ndogo, nayo ni mchomo wa kitu chenye ncha kali katika mkono wa mtu anayehudumia wagonjwa. Kwa zaidi ya miaka 100 ajali hiyo ilihesabiwa ama kuwa bahati mbaya, ama kuwa uzembe wa aliyechomwa. Mwenendo wake waonyesha kwamba aghalabu haikuwa hili wala lile.

Mwaka 1847 Jakob Kolletschka, profesa katika mji wa Vienna, alikuwa akipasua maiti pamoja na wanafunzi wake, kisu cha mmoja wao kikamchoma kidoleni. Jeraha lilikuwa dogo, lakini ugonjwa ulimwenea mwilini, na mwezi Machi akafa. Rafiki yake, Ignaz Semmelweis, alisoma habari za uchunguzi wa maiti ya profesa huyo akaona kwamba mwili wake uliharibika kama miili ya wanawake waliokufa kwa homa ya uzazi. Akatambua kwamba kile kilichopenya kwa ncha ya kisu ndicho kilichochukuliwa na mikono ya madaktari kutoka chumba cha maiti mpaka vitanda vya uzazi. Mwezi Mei aliagiza mikono ioshwe kwa maji ya klorini. Vifo katika wodi yake, vilivyokuwa zaidi ya 11 kwa kila wanawake 100 mwaka 1846, vilishuka hata kukaribia 1 mwaka 1848. Kifo cha mwalimu kiliokoa akina mama. Lakini funzo lake la pili, kwamba mganga naye ahitaji kulindwa, liliachwa njiani.

Miaka 6 baadaye, yaani 1853, Charles Pravaz katika Ufaransa na Alexander Wood katika Scotland walileta bomba la sindano, kila mmoja kwa njia yake. Chombo hicho kilikuwa neema kubwa kwa wagonjwa. Hata hivyo, sindano iliyoingia mwilini iliweza kutoka na damu, na mkono uliokuwa karibu nayo kuliko yote ulikuwa mkono wa yule aliyeishika.

Damu yenyewe ilichelewa kushukiwa. Katika mji wa Bremen, mwaka 1885, habari iliandikwa juu ya wafanyakazi 1,289 wa kiwanda cha meli waliochanjwa ndui kwa majimaji yaliyotoka katika miili ya watu wengine. 191 kati yao wakaingiwa na umanjano wa macho na ngozi. Mwaka 1949 jarida la madaktari wa Marekani lilieleza habari za mfanyakazi wa benki ya damu aliyepata ugonjwa wa ini kutokana na kazi yake. Mwaka 1965 Baruch Blumberg alitangaza alama ya pekee katika damu, ambayo baadaye ilijulikana kuwa ya kirusi cha homa ya ini aina ya B. Na mwaka 1981 chanjo yake ikaidhinishwa katika Marekani. Kwa asiyechanjwa, mchomo wa sindano yenye kirusi hicho waweza kumwambukiza mara nyingi kufikia 30 katika 100.

Hofu kubwa zaidi ilikuja na UKIMWI. Mwaka 1984 jarida la Lancet lilichapisha habari za muuguzi katika Uingereza aliyeambukizwa kwa mchomo wa sindano iliyotumika kwa mgonjwa aliyepata virusi Afrika. Hatari ya mchomo mmoja wa namna hiyo ilipopimwa ilionekana kuwa kama 3 katika 1,000: ni ndogo kwa hesabu, lakini ni nzito kwa mtu anayengojea majibu. Mwaka 1987 wakuu wa afya wa Marekani waliagiza damu ya kila mgonjwa ichukuliwe kuwa na hatari, na sindano iliyotumika isirudishiwe kifuniko chake. Agizo lilikuwa jema, lakini wauguzi waliendelea kurudisha vifuniko, na waliochomwa waliendelea kulaumiwa.

Mwaka 1988 Janine Jagger na wenzake walichapisha uchunguzi wa michomo 326 iliyotokea kwa miezi 10 katika hospitali moja ya chuo kikuu. Kweli, thuluthi yake ilitokana na kurudisha vifuniko. Lakini wauguzi walipoulizwa sababu, walijibu kwamba walikuwa wakikimbia hatari nyingine: walipaswa kufungua chombo chenye sindano wazi, au kubeba sindano kadhaa zilizo wazi mpaka kwenye sanduku la taka. Tena vyombo vilivyohitaji kufunguliwa baada ya kutumika vilichoma hata mara 5 zaidi ya bomba la kawaida la kutupwa. Mikono ilikuwa ile ile. Vyombo ndivyo vilivyotofautiana.

Hapo hoja iligeuka. Mwezi Novemba 2000 Marekani ilipitisha sheria iliyowadai waajiri kutafuta sindano zenye kinga, kuandika kila mchomo, na kuwashirikisha watumiaji wenyewe katika kuchagua vyombo. Uchunguzi wa hospitali nyingi ulionyesha kwamba mwaka 2001 michomo ilipungua kwa kadiri ya 38 katika 100. Wauguzi hawakuzaliwa upya mwaka huo. Walipewa vyombo vingine.

Lakini neema hiyo haikugawanyika sawa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwanzoni mwa karne hii kwamba watumishi milioni 3, kati ya milioni 35 wa dunia nzima, huchomwa na kuingiwa na hatari ya damu kila mwaka, na kwamba zaidi ya 90 katika 100 ya maambukizo yatokanayo na michomo hiyo huwapata wa nchi zinazoendelea. Mwaka 2015 Shirika hilo lilihimiza mataifa yote yatumie mabomba ya sindano yenye usalama.

Basi wahenga hawakukosea, ila neno lao lina mipaka. Ajali isiyo na kinga ni ile ambayo kinga yake haijapatikana. Kinga ikiisha kupatikana, ikawekwa ghalani au ikanyimwa fedha, mchomo unaofuata hauwezi tena kuitwa bahati mbaya, wala lawama yake haiwezi kutuama juu ya mkono uliotoka damu.