Mafuta yakipanda bei: gari gani inafaa njia ya Mitwaba?

Esanse na mazutu ya Haut-Katanga inatoka inchi za nje, nyingi ikipitia Zambia na mpaka wa Kasumbalesa. Bei ya stasion inapangwa na wizara ya Uchumi wa Taifa. Lakini toka Lubumbashi mpaka Mitwaba kuna tena mamia ya kilometa, na safari hiyo mununuzi ndiye anailipa.

Ndiyo maana wengi wanatamani gari ndogo. Toyota IST, kwenye lami, inakula karibu lita 7 kwa kilometa 100. Land Cruiser ya mazutu inaweza kula mara mbili. Lakini IST iko chini: wakati wa mvua, mashimo na matope vinaivunja, na akiba ya mafuta inaishia garaji.

Hesabu ya kweli ni lita kwa kila abiria. Gari ya lita 14 yenye abiria 10: lita 1,4 kwa mutu. Ya lita 7 yenye abiria 4: lita 1,75. Moto ya lita 2,5 yenye abiria mumoja: lita 2,5 nzima.

Basi, kabla ya kununua, angalia njia kwanza, kisha watu wa kubeba, ndipo bei. Barabara ikitengenezwa, hata gari ndogo itafika Mitwaba.