Nani atalivuta tela?

Mwaka 1966 mkazi mmoja wa jimbo la Utah, Marekani, aliliandikia jarida la wasafiri wa matela, Trail-R-News, akitoa pendekezo dogo. Kila mwenye tela la kulala abandike stika nyuma ya tela lake, ili aliyekwama njiani ajue kwamba huyu anayekuja yuko tayari kusimama na kumsaidia. Jarida likalipokea wazo hilo, stika zikachapishwa, na klabu ikazaliwa. Ikaitwa Good Sam, kwa kumkumbuka Msamaria Mwema wa Injili, na nembo yake hadi leo ni uso unaotabasamu wenye duara la mtakatifu juu ya kichwa. Klabu hiyo ina umri wa miaka 60 hivi, na sisi ambao mafuta, ngano na saruji yetu hutembea juu ya matela tuna kila sababu ya kuijua historia yake.

Kabla ya stika ile, tela lilikuwa mtoto wa kambo wa barabara. Magari yalikuwa na watetezi tangu zamani. Shirikisho la vilabu vya magari la Marekani, AAA, liliundwa Chicago mwaka 1902. Mwaka 1915 wanachama watano wa klabu ya Missouri walianza kuzunguka mji wa St. Louis kwa pikipiki, wakiwatengenezea wenzao magari yaliyozimika. Mwaka uliofuata, huko Chattanooga, Tennessee, fundi gereji aitwaye Ernest Holmes aliitwa kwenda kulitoa kijitoni gari la rafiki yake lililopinduka. Alikwenda na watu sita, kamba na magogo, na kazi ikamla karibu siku nzima. Aliporudi gereji alichukua Cadillac ya mwaka 1913, akaifunga nguzo tatu, kapi na mnyororo. Jaribio la kwanza halikutulia vizuri lilipobeba uzito, akaliongezea miguu ya pembeni. Hapo ndipo gari la kuvuta magari mabovu lilipopatikana. Chattanooga ina jumba la makumbusho kwa ajili ya kazi hiyo, na nje yake upo ukuta wenye majina ya wavutaji waliokufa kazini, wengi wao wakigongwa wakiwa wameinama kando ya barabara.

Nchi iliyoyaandika majina ya watu hao ukutani inastahili heshima. Lakini hata huko, mkataba wa msaada uliandikwa kwa ajili ya gari. Injini ikizima, mwanachama hupiga simu na gari huvutwa. Tela halina injini. Hadi leo, katika vilabu vingi vya AAA, uanachama wa kawaida haulihusu tela, na anayetaka lihudumiwe lazima aongeze ada ya daraja maalumu. Asiyelijua sharti hilo huligundua usiku, winchi ikiwa imeshapandisha gari lake juu ya lori, na tela limebaki kwenye changarawe na vyombo vya familia ndani.

Na tela lina magonjwa yake. Chukua beringi ya gurudumu. Grisi ikiisha au maji yakiingia, beringi huanza kusaga taratibu, na dereva aliye mbele, kwenye kiti chake, hasikii kitu. Habu inapata moto, harufu ya chuma kilichoungua inatoka, kisha gurudumu linaanza kucheza. Wakati mwingine linachomoka na kuyapita magari yaliyo mbele. Wajuzi husema pia kwamba kwenye tela la kuvutwa na gari dogo, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote inafaa ikae kwenye kiungio cha mbele. Mzigo ukirundikwa nyuma, tela huanza kuyumba kama mkia na kulivuta gari nje ya njia. Fundi anayekuja na jeki ya gari dogo na spana mbili hawezi kitu hapo. Anahitajika mtu mwenye kiungio cha kipimo sahihi, beringi ya saizi yake, na gari lenye nguvu ya kuondoka na gari bovu pamoja na tela lake.

Wenye matela hawakungoja kampuni ziwafikirie, na aliyewafundisha kujitegemea zaidi ya wote ni Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, iliyoanza kutengeneza matela California mwaka 1931. Ni yale matela ya aluminiamu yanayong'aa. Byam aliona kwamba mtu mmoja na tela lake hafiki mbali, ila watu hamsini wanafika popote. Mwaka 1951 aliongoza msafara hadi Amerika ya Kati, na wengi walishindwa njiani. Hakukata tamaa. Mwaka 1959 akaja kwetu Afrika.

Meli ziliyashusha matela 41 Cape Town pamoja na watu 106, wengi wao wazee waliostaafu. Nia yao ilikuwa kufika Cairo. Safari ilikula siku 221. Walipanda kupitia Rhodesia, wakapita Kongo ya Wabelgiji miezi michache kabla ya uhuru wa Juni 1960, wakakatiza Uganda na Kenya, wakaingia Ethiopia. Byam mwenyewe alivuta tela lenye rangi ya dhahabu. Fikiria lile tela la dhahabu kwenye vumbi jekundu, na nyuma yake mengine 40 ya fedha, kijiji kizima kimetoka kutazama.

Barabara ziliyaadhibu matela hayo. Springi zilikatika, ekseli zikapinda, viungio vikang'oka. Mvua iliponyesha, matela yalizama hadi sakafuni. Kulikuwa na vipande vya njia kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia ambavyo kuviita barabara ni kutia chumvi. Hakuna klabu ya magari ambayo ingetuma fundi huko. Msafara ulijibeba wenyewe. Misafara ya Byam ilikuwa na desturi ya kuweka gari la mwisho lenye kazi moja tu, kumkuta aliyeharibikiwa na kutomwacha. Mwenye winchi alivuta, mwenye mashine ya kuchomelea alichomelea, aliyefika kambini kwanza alirudi na kamba. Addis Ababa walipokelewa na Mfalme Haile Selassie, na mwishoni wakayapanga matela yao mbele ya piramidi za Giza. Picha ile ya Giza imeizunguka dunia na bado inauza matela.

Byam aliandika kitabu kuhusu safari za matela, kikatoka mwaka 1960, na kampuni yake ikatengeneza filamu ya msafara huo. Sifa za safari hiyo zimebaki kwa Wamarekani na chuma chao. Jambo hilo linaniuma. Mtu yeyote aliyesafiri katika nchi zetu anajua tela linavyotoka kwenye tope. Linatoka kwa mabega. Wanaitwa vijana wa kijijini, mawe na matawi yanawekwa chini ya matairi, mmoja anapiga hesabu, wote wanasukuma. Wageni 106, wengi wao wenye umri wa kustaafu, hawakufika Cairo kwa misuli yao peke yao, wala njiani hawakukosa maji na maelekezo ya wenyeji. Majina ya wageni yamehifadhiwa. Ya wenyeji hakuna aliyeyauliza.

Byam alifariki 1962. Miaka minne baadaye ikaja stika ya Good Sam, na mimi naiona kuwa ni desturi ile ile ya gari la mwisho, ikiwa imetolewa kwenye msafara na kukabidhiwa kila mpita njia. Miaka ya 1980 klabu ikageuza wema kuwa huduma ya kulipia ada, inayolitazama gari na tela lake kama kitu kimoja. Mengine yaliyofuata ni simu za mkononi na programu za kuonyesha mahali ulipo.

Mwaka huohuo wa stika, 1966, huku kwetu tela lilikuwa na vita yake. Ian Smith alikuwa ametangaza uhuru wa walowezi Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, na njia ya mafuta ya Zambia, iliyopita huko, ikakatwa. Malori yakaanza kubeba mapipa kutoka Dar es Salaam hadi Zambia kwa barabara ya vumbi na tope iliyobandikwa jina la njia ya jehanamu. Mengi yalipinduka, mengi yalikwama. Bomba la mafuta la TAZAMA, la Tanzania na Zambia, lilipoanza kazi 1968 na lami ilipofuata, jehanamu ilipoa, lakini madereva na matingo walioivuka hawajajengewa ukuta wa majina popote.

Leo sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu lori na tela lake kufikia tani 56. Tela lina namba zake za usajili na bima yake. Likikatika ekseli mlima Kitonga, kwenye barabara hiyohiyo ya Zambia, foleni hujaa pande zote mbili, mabasi yanalala, nyanya zinaoza. Msaada wa kwanza ni matawi yanayotupwa barabarani, wa pili ni dereva mwingine anayesimamisha lori lake na kushuka na jeki, na fundi anatafutwa kwa simu kutoka Iringa au Ilula, bei ikipangwa mwenye mzigo akiwa hana pa kukimbilia. Utingo analala chini ya tela siku mbili, tatu, akilinda mzigo.

Wema huo wa madereva ni fahari yetu, na kwa miaka 60 umefanya kazi ambayo mahali pengine inalipiwa. Lakini vyama vya wamiliki wa malori na kampuni za bima vimeuegemea mno. Mkataba wa bima ya lori unapouzwa pamoja na ahadi ya msaada wa barabarani, mwenye lori asome kama tela limetajwa kwa namba yake, kama winchi itakayokuja inaweza tani zake, kama kuna mahali pa kulilaza likiwa na mzigo, na kama chakula na ulinzi wa utingo vimehesabiwa. Pale ambapo mambo hayo manne hayapo, ada isilipwe mpaka yaandikwe.