Ngamia, Sanduku la Vitabu na Umri wa Msomaji: Historia Fupi ya Uteuzi wa Vitabu vya Maktaba Kaskazini Mashariki

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, fungueni maktaba ya shule yenu, hata kama ni kabati moja tu ofisini, kisha mjiulize: Ni nani aliyeviteua vitabu hivi? Je, alimfikiria msomaji wa umri gani? Makala haya yanalichunguza swali hilo tukiwa tumesimama Modogashe, kwenye njia panda ya barabara za Garissa, Wajir na Isiolo. Hapa mwanafunzi hukipata Kiswahili baada ya Kisomali au Kiborana cha nyumbani, tena baada ya Kiarabu cha madrasa. Hoja yetu ni kwamba msomaji ana umri wa aina mbili: umri wa miaka na umri wa lugha. Wateuzi wetu mara nyingi wamesahau mmojawapo.

Wateuzi wa kale

Mwaka 1929 zilichapishwa tafsiri za Mashimo ya Mfalme Suleimani na Kisiwa chenye Hazina, visa ambavyo Rider Haggard na R. L. Stevenson waliwaandikia wavulana wa Uingereza. Mwaka uliofuata ikaundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki, ambayo miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuidhinisha vitabu vya shule. Ilichukuliwa kwamba kinachompendeza mvulana wa London kitampendeza kila wa rika lake. Kuanzia 1948, East African Literature Bureau ilichapisha vitabu na kuendesha maktaba. Baada ya uhuru, sheria ya 1965 ikaunda huduma ya maktaba za kitaifa nchini Kenya.

Kaskazini Mashariki haikufaidi mapema. Hali ya hatari iliyotangazwa huko Desemba 1963 haikuondolewa hadi 1991, na katika miaka hiyo shule na barabara zilibaki nyuma. Wakati uo huo, mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Hapo akaingia mteuzi mpya: mtihani. Mtoto wa Modogashe na wa Mombasa wakawekewa kitabu kimoja kwa mwaka mmoja, kana kwamba lugha waliianza pamoja.

Funzo la ngamia

Oktoba 1996, huduma ya maktaba za kitaifa ilianzisha maktaba ya ngamia mjini Garissa, ikiwa na ngamia watatu. Mmoja alibeba masanduku mawili yenye vitabu 400 hivi, mwingine hema. Vitabu vilipangwa chini ya hema, mwanafunzi akachagua mwenyewe, na baada ya majuma mawili msafara ukarudi kuvibadilisha. Safari hizo zilizunguka shule na makao ya wafugaji ya karibu na Garissa. Modogashe iko mbali na njia hizo, lakini funzo lake latufaa. Sanduku la ngamia halijazwi ovyo. Kila kitabu kisichosomeka huziba nafasi ya kingine. Aidha, kitabu kilichorudi bila kufunguliwa kilimshtaki mteuzi, si mtoto.

Umri wa miaka na umri wa lugha

Umri wa miaka una uzito wake. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka 1971 ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa jinsi ilivyosawiri mapenzi. Baadaye ikaruhusiwa na kufundishwa. Kitabu hakikubadilika; aliyebadilika ni mteuzi. Hali kadhalika, Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) inamfuata Maimuna kutoka nyumba ya babake Maksuudi hadi danguroni. Mzazi wa Modogashe akiuliza kwa nini bintiye anaisoma, ana haki ya kujibiwa. Tusiifiche, wala tusimpe aliyeingia kidato cha kwanza juzi. Isomwe kidato cha tatu, mwalimu akiwepo, ili mwanafunzi aone anayelaumiwa na mwandishi ni nani.

Kosa la pili ni kumpa kijana wa miaka 16 hadithi za sungura za darasa la pili kwa kuwa Kiswahili chake ni kichanga. Kijana huyu ameshachunga mifugo na kuvuka kiangazi. Kitabu hicho kinamdhalilisha. Anahitaji lugha nyepesi na jambo zito.

Ngazi tunayopendekeza

Kidato cha kwanza, anza na Hekaya za Abunuwasi. Kisha mwombe mwanafunzi asimulie kwa Kiswahili kisa cha Dhegdheer, zimwi la Kisomali lenye sikio refu, akiandike, nacho kiwekwe maktabani. Kidato cha pili, mpe Siku Njema ya Ken Walibora (1996): safari ya Kongowea kutoka Tanga kumtafuta babake yaeleweka kwa yeyote aliyezoea kusafiri. Nakala za Kifo Kisimani zilizobaki baada ya tamthilia hiyo kuacha kutahiniwa zisioze. Darasa zima lisome kwa sauti, kila mmoja na mhusika wake. Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), yenye lugha nzito, ingoje kidato cha tatu pamoja na Utengano. Vidato vinapoipisha gredi za mtaala wa umilisi, ngazi hii haibadiliki.

Hitimisho

Mwaka 2020 walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa kutoka ukanda huu kutokana na mashambulizi, na wanafunzi wakabaki na uhaba mkubwa wa walimu. Siku kama hizo, kitabu ambacho mwanafunzi anaweza kukisoma peke yake ndicho mwalimu wa akiba. Kisichosomeka ni mzigo kabatini. Basi mwalimu, kabla ya kuagiza vitabu vya mwaka ujao, andika mbele ya kila jina umri wa miaka na umri wa lugha wa atakayekisoma.

Maswali ya kujadili

1. "Kitabu hakikubadilika; aliyebadilika ni mteuzi." Thibitisha kauli hii ukirejelea kazi mbili ulizosoma.
2. Teua kitabu kimoja cha maktaba ya shule yako ueleze kinafaa kidato kipi, na kwa nini.