Ugomvi wa matairi: Afrika Mashariki ilipojaribu kugawana viwanda

Mwaka 2027 unakuja na kumbukumbu mbili za Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki. Tarehe 6 Juni, mkataba uliotiwa saini mjini Kampala na Mwalimu Julius Nyerere, Mzee Jomo Kenyatta na Milton Obote utatimiza miaka 60. Wiki chache baadaye itatimia miaka 50 tangu Jumuiya hiyo ivunjike. Siku kama hizi zikifika, kwa kawaida tunasimuliwa kifo cha East African Airways, mpaka wa Namanga uliofungwa, na Idi Amin. Yote hayo ni kweli. Lakini aliyetafuta kazi kiwandani miaka ile anajua kwamba mgogoro ulianza kabla ya Amin, na sehemu yake kubwa ilihusu swali moja: kiwanda kijengwe kwa nani?

Soko la pamoja ni la zamani kuliko uhuru. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha mwaka 1917, Tanganyika ikaingia katika miaka ya 1920. Nairobi ilikuwa na walowezi, makao makuu ya reli na mabenki, kwa hiyo kampuni ya kigeni iliyotaka kuuza sabuni, sigara au viatu Afrika Mashariki nzima iliweka mitambo Kenya. Mnunuzi wa Mwanza au Mbarara alilipa bei iliyopandishwa na ushuru wa kulinda viwanda hivyo, huku mishahara na kodi zikibaki Nairobi, Thika na Mombasa. Arthur Hazlewood, mchumi wa Oxford ambaye kitabu chake cha 1975 kuhusu ushirikiano huu bado hakijapitwa, analipa uzito mkubwa suala hilo la nani anafaidika, na kadiri ninavyomsoma ndivyo ninavyokubaliana naye. Waingereza wenyewe waliliona. Tume ya Raisman ilipendekeza mwaka 1961 sehemu ya kodi iwekwe kwenye mfuko mmoja na kugawiwa upya, ili Uganda na Tanganyika zifidiwe. Fedha zilifidia hazina za serikali, lakini kijana wa Tabora hakupata ajira.

Juni 1963 viongozi watatu walitangaza kwamba kabla ya mwaka kwisha wangekuwa na shirikisho. Halikuja. Mwalimu akabaki na hoja moja: kama hatuungani kisiasa, angalau tugawane viwanda. Hapo ndipo yalipozaliwa Makubaliano ya Kampala ya Aprili 1964, hati ambayo shuleni hatukufundishwa na ambayo kwangu ndiyo jaribio la kijasiri kuliko yote yaliyowahi kufanywa katika ukanda huu. Mawaziri walikaa wakataja viwanda kwa majina. Uganda ipewe baiskeli na mbolea ya naitrojeni. Kenya, ambayo tayari ilikuwa na vingi, ipate balbu za umeme. Tanganyika iunganishe Land Rover, iunganishe redio, itengeneze karatasi za aluminiamu, na itengeneze matairi na tyubu za magari. Kila nchi ingeuza bidhaa zake kwa zote tatu, na hakuna ambayo ingejenga kiwanda cha kushindana na cha mwenzake.

Kwa nini matairi yawe jambo zito? Ingia kwenye kiwanda cha matairi utaelewa. Mpira wa asili husagwa na kuchanganywa na masizi ya kaboni na salfa ndani ya mashine kubwa kama chumba, kisha hupitishwa kwenye roli za moto na kubandikwa juu ya nyuzi. Waya wa chuma hufungwa ukingoni ili tairi lishike rimu. Mwishoni tairi bichi huingizwa kwenye kalibu na kupikwa kwa joto na mgandamizo hadi likaze na kutoka na meno yake. Mitambo hiyo hununuliwa kwa bei ileile, ukitengeneza matairi machache au mengi. Magari ya Kenya, Uganda na Tanganyika ya wakati ule yakijumlishwa yangeweza kukilisha kiwanda kimoja vizuri. Yakigawanywa, kila kiwanda kingetembea nusu njaa.

Makubaliano yalirekebishwa Mbale mnamo Januari 1965, lakini Kenya haikuyaridhia. Tanzania ilijibu kwa kuwekea mipaka bidhaa kutoka Kenya, na mwaka 1966 ikawa na benki kuu na sarafu yake. Tume ya Kjeld Philip kutoka Denmark iliitwa kuokoa nyumba, na kazi yake ikazaa mkataba wa 1967. Mkataba huo uliipa Arusha makao makuu, bandari zikasimamiwa kutoka Dar es Salaam, posta na simu kutoka Kampala. Mgao wa viwanda wa 1964, hata hivyo, haukurudiwa. Badala yake nchi iliyozidiwa katika biashara ya bidhaa za viwandani iliruhusiwa kutoza kodi maalumu kwa bidhaa za jirani, isiyozidi nusu ya ushuru wa forodha, mradi iwe na kiwanda chake kinachoweza kutosheleza walau asilimia 15 ya mahitaji yake. Kwa maneno mengine, ukitaka kinga, jenga kiwanda chako kidogo, hata kama jirani anacho kikubwa.

Matairi yakawa kipimo. Tanzania, ikiamini ahadi ya 1964, iliingia ubia na General Tire ya Marekani kujenga kiwanda Arusha, serikali ikiwa na hisa nyingi. Nairobi nako ikaundwa Firestone East Africa, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 viwanda vyote viwili vilikuwa vikizalisha. Kwa Kenya, hati isiyoridhiwa haikuifunga. Ilikuwa na magari mengi kuliko wenzake, na vijana wake nao walihitaji kazi. Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Lakini kwa Tanzania hilo lilikuwa neno lililovunjwa, na kuanzia hapo kila pendekezo la kupanga viwanda pamoja lilisikilizwa kwa shaka. Linaloniuma zaidi ni hili: General Tire na Firestone zote zilikuwa kampuni za mji mmoja, Akron, jimbo la Ohio. Serikali mbili ndugu zilikuwa zimewapa mahasimu wa mji mmoja uwanja wa kushindania, na kila moja ikaulinda upande wake kwa ushuru uliolipwa na mwenye lori.

Yaliyofuata yanajulikana. Amin alimpindua Obote Januari 1971, Mwalimu akakataa kukaa naye meza moja, na kikao cha marais watatu hakikufanyika tena. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka na Kenya, na kufikia mwisho wa Juni Jumuiya ilikuwa imekwisha. Mpaka ulifunguliwa 1983. Mali ziligawanywa 1984 kwa usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht. Jumuiya mpya ilitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, umoja wa forodha ukaanza 2005, soko la pamoja 2010.

Na viwanda vya matairi? Cha Arusha kilisimama mwaka 2009. Cha Nairobi, kilichokuwa kimebadili jina na kuwa Sameer Africa, kiliacha kutengeneza matairi mwaka 2016. Vyote viwili vilishindwa na bidhaa za Asia. Leo malori yanayopanda kutoka Mombasa na Dar es Salaam kwenda Kampala, Kigali na Goma yanatembea juu ya matairi ya China na India. Mashamba ya mpira ya Kihuhwi, Muheza, na Kalunga, Kilombero, yaliyokusudiwa kulisha kiwanda cha Arusha, yako mikononi mwa Shirika la Maendeleo la Taifa. Serikali imeahidi zaidi ya mara moja kukifufua kiwanda, na wakazi wa Arusha wameshazisikia ahadi hizo mpaka wamechoka.

Jumuiya ya sasa ina nchi nane na watu zaidi ya milioni 300. Ina sera ya viwanda ya 2012 hadi 2032, lakini haina hati inayosema, kama ile ya 1964, kwamba wewe utatengeneza hiki na mimi nitanunua kwako. Kila serikali inavutia wawekezaji kivyake kwa misamaha ya kodi, na wawekezaji wanajua kuzishindanisha. Hata hivyo, Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa na mkataba wa 1967 ilinusurika na bado iko Kampala. Kanuni yake ya awali ilitaka Tanzania na Uganda zipate asilimia 38.75 ya uwekezaji kila moja, na Kenya asilimia 22.5, kwa sababu aliye nyuma ndiye aliyetakiwa kusogezwa. Marais watakapokutana kuadhimisha miaka 60, waweke mezani kiwanda kimoja cha matairi chenye hisa za nchi zote wanachama, na safari hii kila bunge liridhie kabla jiwe la msingi halijawekwa.